Hisabati Nzima kwa Jicho la Kwanza, Kutoka Mikindani Hadi Mdomo wa Ruvuma

Niseme kabla pumzi haijaniishia: katika yote niliyowahi kuyatazama nikiwa Mtwara, hakuna lililonikosesha usingizi kwa furaha kama hisabati. Sizungumzii kufanya maswali ya zoezi la tatu na kupeleka daftari kwa mwalimu. Nazungumzia kuiona nzima kwa mara ya kwanza, matawi yake yote yakiwa mbele yangu, namba na aljebra, jiometri na trigonometria, kalkulasi, takwimu, seti, mantiki, na mengine ambayo mtu anaweza kumaliza shule bila kuyasikia hata kwa jina. Na kila moja nililikuta likifanya kazi hapa hapa kwetu, majini, kwenye ukili, kwenye ubao wa bao na kwenye mnada wa korosho. Jamani, kwa nini hatukuambiwa mapema?

Kwa miaka mingi mtoto wa Chikongola au Shangani, hapa mjini Mtwara, akiingia kidato cha kwanza amekuwa akikutana na namba, halafu sehemu, halafu desimali na asilimia, halafu vipimo, halafu jiometri, halafu aljebra. Kila mada inakuja peke yake, inafanyiwa jaribio, inafungwa. Hakuna anayemwambia mada hizi ni za ukoo gani wala zinaelekea wapi. Katika matokeo ya kidato cha nne ya 2023 waliofaulu hisabati walikuwa takriban asilimia 25 ya watahiniwa. Robo tu! Siamini hata kidogo kwamba hao robo tatu waliobaki hawana akili ya hesabu. Naamini hawakuonyeshwa walichokuwa wanakisoma.

Kwa hiyo nawaonyesha, na naanzia majini.

Mtu yeyote wa Mikindani, Msangamkuu au Msimbati anajua kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba kesho yatachelewa kwa dakika 50 hivi kuliko leo. Anajua bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji yanapokwenda mbali mpaka miamba inabaki mikavu na kina mama wanashuka kutafuta pweza. Anajua na maji mafu, siku ambazo bahari kama haina haja ya kutembea. Sasa chukua karatasi ya grafu. Kwenye mstari wa mlalo andika saa, kwenye mstari wa wima andika kimo cha maji, weka nukta moja kila saa kuanzia asubuhi mpaka jioni, kisha ziunganishe. Mstari unaopanda polepole, ukaharakisha, ukapunguza mwendo kileleni na kurudi chini vile vile, ndio huo! Ni mstari wa saini, ile ile ya trigonometria inayofundishwa kwa pembetatu mraba na kukaririwa kwa machozi. Pembetatu ile haikuwa mwisho wa habari, ilikuwa mlango tu. Trigonometria ni elimu ya vitu vinavyokwenda na kurudi, na bahari yetu imekuwa ikiifundisha kila siku bila likizo.

Subirini, haijaisha. Mabaharia wana kanuni ya zamani ya kukadiria maji: muda wa kujaa, ambao ni saa sita na kidogo, unagawanywa mafungu sita, na kimo chote kinagawanywa sehemu 12. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu sehemu 3, ya nne sehemu 3, ya tano sehemu 2, ya sita sehemu 1. Tuseme ni siku ya bamvua na maji yatapanda mita 3.6. Sehemu moja ni sentimita 30. Basi saa ya kwanza ni sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90, ya tano 60, ya sita 30. Jumlisha, utapata 360 kamili. Halafu tazama zile namba zenyewe, 30, 60, 90, 90, 60, 30. Hizo si kimo cha maji, ni kasi ya kimo kubadilika. Umeshaingia kwenye kalkulasi! Tawi lile ambalo Newton na Leibniz walilijenga katika karne ya 17, lile linalotajwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni la watu wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) peke yao, msingi wake ni swali hili moja: kitu kinabadilika kwa kasi gani sasa hivi? Maji yanapokuwa katikati ya safari kasi ni kubwa kabisa. Yanaposimama juu, hayapandi wala hayashuki, kasi ni sifuri. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayetafuta kilele cha grafu anatafuta pale pale ambapo nahodha anasema maji yamesimama.

Na bamvua yenyewe inatoka wapi? Hapa nilisimama nikazunguka chumba. Mwezi unavuta maji kwa mzunguko wa saa 12 na dakika 25. Jua nalo linavuta, kwa nguvu ndogo zaidi, kwa mzunguko wa saa 12 kamili. Mawimbi haya mawili yakipanda pamoja, tunapata bamvua. Yakipingana, tunapata maji mafu. Kila mzunguko, wimbi la mwezi linabaki nyuma kwa dakika 25. Ili yakutane tena, mwezi lazima ubaki nyuma mzunguko mzima wa jua, yaani dakika 720. Gawanya 720 kwa 25, unapata mizunguko 28.8. Zidisha kwa saa 12 na dakika 25, unapata saa 357 na nusu hivi, ambazo ni siku 15 kasoro kidogo. Ndiyo maana bamvua huja mara mbili kila mwezi mwandamo! Kugawanya na kuzidisha tu, hesabu ya darasa la sita, na imefika mbinguni ikarudi.

Mfaransa Joseph Fourier aliandika katika kitabu chake cha 1822 kwamba mwendo wowote unaojirudia, hata uwe umekunjamana namna gani, unaweza kuvunjwa kuwa jumla ya mawimbi ya saini. Miaka 50 baadaye, mwaka 1872, William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kamba iliyojumlisha mawimbi hayo na kuchora kimo cha maji cha bandari kabla siku zenyewe hazijafika. Majedwali ya maji yanayotumiwa bandarini leo bado yanatokana na wazo lile lile, kwa kompyuta badala ya magurudumu. Meli ya korosho inayoingia Mtwara inapita juu ya trigonometria. Sijui kama kuna njia nzuri zaidi ya kumwambia mtoto kwa nini asome saini.

Haya, tutoke majini tushike ukili, ule ukanda wa kusuka unaoshonwa kuwa mkeka au kikapu.

Shika ukili mmoja wa rangi, wa zambarau na kijani au mweusi kwa rangi yake ya asili, uutandaze mapajani. Fuata nakshi kwa kidole. Umbo linajirudia, hatua moja, hatua nyingine, hadi mwisho wa ukili. Sasa uliza: nikiweka kioo kwa urefu katikati ya ukili, je, nusu ya juu inafanana na ya chini? Nikiweka kioo kukata upana, je? Nikiuzungusha nusu duara, nakshi inabaki ile ile? Nikiisogeza nusu hatua na kuigeuza juu chini, inalingana na yenyewe? Ukichanganya majibu ya maswali haya kwa kila namna inayowezekana, unapata aina saba za nakshi za ukanda. Saba tu. Si nane, hata siku moja, hata fundi awe hodari namna gani, hata azaliwe mahali gani duniani. Hili si jambo la uzoefu, limethibitishwa. Anayesuka anaweza kubuni nakshi elfu, na kila moja itaingia katika mojawapo ya koo hizo saba. Tawi linaloshughulika na jambo hili linaitwa nadharia ya makundi, ni aljebra ya juu ya chuo kikuu, na linaweza kuanzia kwenye kibaraza cha nyumba yoyote ya Mikindani.

Ng'ambo ya Ruvuma yuko mtu aliyelichukulia jambo hili kwa uzito wake. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyezaliwa Uholanzi na kuifanya Msumbiji kuwa nchi yake tangu miaka ya 1970 hadi alipofariki 2014, alitumia maisha yake kusoma jiometri iliyomo katika vikapu, mikeka, mitego na michoro ya Waafrika. Kule Inhambane alichunguza mikoba ya kusuka ya wanawake na kukuta ndani yake nakshi za koo zote saba. Zote! Aliandika vitabu kadhaa kuonyesha jinsi mwalimu anavyoweza kuanzia kwenye usukaji akafika kwenye kanuni ya Pythagoras, na kitabu chake cha 1999 kuhusu jiometri kutoka Afrika ningependa kila maktaba ya chuo cha ualimu kusini iwe nacho. Wamakonde na Wamakua wako pande zote mbili za mto. Kazi hii inatuhusu kwa damu.

Nimalizie ukili kwa kikapu, maana kina zawadi nyingine. Ukili mmoja mrefu unazungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo mpaka ubavu wa kikapu unasimama. Unahitaji ukili wa urefu gani? Tuseme mzingo wa kikapu ni sentimita 120, kimo 40, na upana wa ukili ni 5. Ukate ubavu huo wima na uutandaze, unakuwa mstatili wa 120 kwa 40, eneo sentimita za mraba 4,800. Gawanya kwa 5, unapata sentimita 960, yaani mita 9 na sentimita 60 za ukili, kabla ya kuhesabu kitako na mikono. Na kwa kuwa ukili unapanda huku ukizunguka, umelala kwa pembe. Pembe hiyo saini yake ni 5 gawanya kwa 120, karibu nyuzi mbili na nusu. Trigonometria tena! Nilidhani tumeiacha majini, kumbe imetufuata nyumbani. Matawi haya hayakai mbalimbali hata kidogo, na kwangu hilo ndilo jambo la maana kuliko yote niliyoyaona.

Sasa namba zenyewe, zilizo mwanzo wa yote. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alikaa katika uwanda wa Makonde, na katika kitabu chake cha safari alieleza kamba ya gome la mti yenye mafundo 11. Mume anayesafiri humwachia mkewe kamba hiyo. Fundo la kwanza ni siku ya kuondoka, yanayofuata ni siku za njiani, kisha ya kufika, ya kukaa, na ya kurudi, na mke hufungua fundo moja kila siku mpaka mwenyewe atokee. Hapo hapahitajiki jina la namba yoyote. Fundo moja, siku moja, basi.

Mpaka leo nashangaa, kwa sababu wazo hilo la kuoanisha kimoja kwa kimoja ndilo mwanahisabati Georg Cantor alilolitumia kuanzia mwaka 1874 kujenga nadharia ya seti. Aliuliza: je, tukioanisha namba zote za kuhesabia, 1, 2, 3 na kuendelea, na namba shufwa peke yake, 2, 4, 6 na kuendelea, zitatosheana? Oanisha 1 na 2, 2 na 4, 3 na 6. Hakuna anayebaki bila mwenzake! Shufwa ni nyingi sawasawa na namba zote. Halafu akathibitisha kwamba nukta zilizopo kwenye mstari mfupi kama huo wa kamba ni nyingi kupita namba zote za kuhesabia, hata ufunge mafundo milele. Yaani zipo seti zisizo na ukomo za ukubwa tofauti. Mada ya seti inafundishwa kwa duara mbili zinazokatana na wanafunzi wanaopenda chai na kahawa, na hakuna anayedokeza kwamba nyuma ya mlango kuna jambo hili. Mimi ningelianza nalo siku ya kwanza.

Mengine nayapitia kwa haraka, si kwamba ni madogo. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Ukiuliza kete hizo zinaweza kutawanyika katika mashimo hayo kwa namna ngapi, bila kujali kanuni za mchezo, jibu ni takriban 1 ikifuatwa na sifuri 25. Tawi linalohesabu mipangilio ya namna hii ndilo linalobeba uwezekano, bima na utabiri. Barabara nazo: kutoka Mtwara unaweza kwenda Masasi kwa kupita Mingoyo, ukarudi kwa kupita Newala, Tandahimba na Nanyamba, na umezunguka bila kurudia njia. Mwanahisabati Euler alijiuliza swali la ukoo huo kuhusu madaraja saba ya mji wa Königsberg, akathibitisha mwaka 1736 kwamba huwezi kuyapita yote mara moja moja, na kutokana na hapo kukazaliwa nadharia ya grafu na mbegu ya topolojia. Namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, zilichukuliwa kwa karne nyingi kuwa anasa ya wanafalsafa. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walizitumia kutengeneza njia ya kuficha ujumbe, na sasa zinalinda siri za watu kwenye intaneti.

Takwimu sitaiachia ipite hivi hivi, kwa sababu inagusa mfuko. Tuseme kwenye mnada chama cha msingi kimeuza tani 200 za korosho kwa shilingi 4,000 kwa kilo, na tani 50 kwa shilingi 3,000. Bei ya wastani ni ngapi? Anayejumlisha 4,000 na 3,000 na kugawanya kwa mbili atasema 3,500, na atakuwa amewapunja wakulima kwa hesabu. Kila bei lazima ibebe uzito wa tani zake: 200 mara 4,000, jumlisha 50 mara 3,000, gawanya kwa 250. Jibu ni 3,800. Tofauti ni shilingi 300 kwa kila kilo, na kwa mkulima wa Tandahimba mwenye kilo 1,000 ghalani hiyo ni shilingi 300,000. Kila mkulima wa korosho anastahili kuijua hesabu hii, na mtoto wa kidato cha pili anaweza kumfundisha baba yake leo jioni.

Aljebra ndiyo uzi unaopita katika haya yote. Al-Khwarizmi aliipa jina na mpangilio kule Baghdad katika karne ya 9, kwa kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mirathi, biashara na upimaji wa ardhi. Pwani hii inayojua mirathi ya Kiislamu haina sababu ya kuiona aljebra kuwa mgeni.

Je, ina kasoro? Hisabati yenyewe sioni. Namna tunavyoipanga shuleni ndiyo inayoniuma. Matriki zinakuja kama masanduku ya namba bila mtu kusema zinafanya kazi gani. Kwa muda mrefu hisabati ya kawaida ya kidato cha kwanza hadi cha nne haikuwa na kalkulasi, kwa hiyo mtoto aliyeishia hapo, na ndio wengi, aliondoka bila kuonja tawi linaloeleza bahari aliyokulia pembeni yake. Na yule aliyesoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi anabadilishiwa lugha katika mwaka ule ule anapobadilishiwa kina cha somo. Huo ni mzigo juu ya mzigo.

Hukumu yangu haina shaka: hakuna somo shuleni lenye utajiri kama huu, na hakuna mkoa wenye vifaa vingi vya bure vya kulifundishia kama Mtwara. Walimu wa hisabati wa Mtwara, Mikindani, Msimbati na vijiji vyote mpaka mdomo wa Ruvuma, nawaomba kitu kimoja. Juma la kwanza la kidato cha kwanza msianze na mada ya kwanza. Wapelekeni watoto ufukweni siku ya bamvua na mti uliotiwa alama kila sentimita 10, wausimike majini, waandike kimo kila baada ya nusu saa, wachore. Kesho yake leteni ukili na kioo kidogo darasani. Kesho kutwa leteni kamba. Halafu fungueni kitabu.

Nawe mwanafunzi, usimsubiri mtu. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomwa bure kwenye maktaba yake ya mtandaoni, hadi vya kidato cha sita. Fungua cha hisabati ya juu, soma orodha ya mada tu, na uanzie pale panapokuvutia.